Naomba ushauri: nataka kuachana na imani ya chuma ulete dukani

Wakuu, habari za mchana. Nina duka dogo la mahitaji Tandika. Nimelelewa na shangazi, mfanyabiashara wa masharti: sindano haiuzwi usiku, chumvi giza likiingia inaitwa dawa ya mboga (hii hata wasioamini wanaifuata), mteja wa kwanza asubuhi hakopeshwi. Hela ikipungua kwenye droo, jibu ni moja: chuma ulete, yaani kuna mtu anavuta hela zako kwa uchawi. Basi anatafutwa mtaalamu (mganga) aje azindike, yaani alikinge duka kwa dawa.

Tangu nianze kuandika mauzo na matumizi kwenye daftari, naona upungufu mwingi una maelezo. Madeni ya majirani, nauli za watoto, soda za wageni. Hakuna jini hapo. Akili imekubali, ila mteja akiulizia sindano saa mbili usiku, mkono bado unasita.

Shida kubwa ni shangazi. Mtaji ulikuwa wake na sasa anataka duka lizindikwe upya, gharama juu yangu.

Mliotoka huko mliachaje, kwa mkupuo au sharti moja moja? Na yeye nimwambieje bila kumvunjia heshima? Waganga msinitafute, tafadhali.