Msimu wa kikapu cha vyuo Marekani unaanza Novemba 3, 2025, na mimi nimeshakasirika kabla mpira haujarushwa

Wakuu, heshima kwenu.

Mods, kwanza kabisa nawaangukia: msiunganishe uzi huu na ule wa NBA. Kule wanacheza watu wazima wenye mikataba yao. Huku tunaongelea vyuo, na hasira yangu yote iko hapohapo kwenye neno "mwanafunzi".

Tangu orodha ya timu 25 bora ya AP (shirika la habari la Marekani) itoke Oktoba 13, nimesoma makala za utabiri wa msimu mpaka macho yananiwasha. Purdue namba moja, Houston wa pili, Florida mabingwa watetezi wa tatu. Haya. Lakini karibu kila mwandishi, hata kabla hajakwambia nani ana pointi gadi (mpanga mchezo) wa maana, anaanza na wimbo uleule: huu ndio msimu wa kwanza vyuo vinawalipa wachezaji vyenyewe, moja kwa moja. Ni kweli. Juni 6 jaji Claudia Wilken alipitisha maridhiano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na kuanzia Julai 1 chuo kilichojiunga na mpango huo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025-26. Sehemu kubwa itamezwa na futiboli yao ile ya kofia ngumu, lakini kikapu nacho kina fungu lake.

Mimi sina wivu na hao vijana. Walipwe. Mkataba wa runinga wa yale mashindano yao ya Machi, kipande cha 2025 hadi 2032 peke yake, ni dola bilioni 8.8. Hela hiyo hailetwi na maprofesa.

Ila nionyesheni makala moja, moja tu, iliyotenga aya kwa ajili ya kijana aliyeingia Marekani kwa viza ya F-1. Sijaiona. Wanaandika "wachezaji sasa wanalipwa" kana kwamba wachezaji wote wana pasipoti ya bluu ya Marekani.

Kwa asiyejua: F-1 ni viza ya mwanafunzi. Ukiwa nayo, kazi unayoruhusiwa kwa kawaida ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Maana yake mtoto wa kwetu mwenye urefu wa kugusa taa anaweza kulipwa kwa kuosha sahani kantini, lakini akilipwa kwa kusaini jezi yenye jina lake mwenyewe amehatarisha viza. Jezi inauzwa dukani, nje kuna foleni, yeye kashika sahani.

Mnamkumbuka Oscar Tshiebwe? Mtoto wa Lubumbashi, Kongo, Mswahili mwenzetu kwa lugha. Msimu wa 2021-22 akiwa Kentucky alivuna wastani wa ribaundi (mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu) 15.1 kwa mechi. Zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita bila mtu kufikisha 15 katika daraja lile la juu. Kila tuzo kubwa ya mchezaji bora wa taifa akabeba yeye. Halafu Machi wakakutana na Saint Peter's, chuo kidogo ambacho nusu ya Wamarekani walikuwa hawajakisikia, wakapigwa 85 kwa 79 kwenye muda wa nyongeza. Oscar usiku ule alimaliza na pointi 30 na ribaundi 16. Aligombania kila mpira uliogonga chuma. Nilimwonea huruma kama vile ni mdogo wangu.

Sasa kumbukeni, ruhusa ya wachezaji kuuza majina yao kwa matangazo ilikuwa imeshafunguliwa tangu Julai 2021. Wenzake wa benchi, vijana ambao hata mimi nilikuwa nasahau majina yao, waliweza kusaini matangazo ya magari na migahawa. Mchezaji bora wa taifa zima hakuweza, kwa sababu ya F-1. Mpaka Agosti 2022 timu ilipokwenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki ndipo akapata upenyo, kwa sababu kule yuko nje ya mipaka ya Marekani. Yaani ili ulipwe kwa jasho ulilomwaga Kentucky, usubiri upande ndege uende kisiwani. Na 2023 kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua vijana, hakuna timu iliyomchagua. Ile miaka miwili ndiyo ilikuwa miaka yake ya kuuzika.

Enzi za Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet angalau ilikuwa kifo cha wengi harusi. Aliingia UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) 2006, akatoka 2009, akachaguliwa wa pili kwenye drafti, na katika miaka ile mitatu hakuna mwenzake aliyekuwa analipwa kihalali. Wote sawa. Leo chumba kimoja cha kubadilishia nguo kina milionea wa miaka 19 na jirani yake anayesubiri kutumiwa hela ya vocha na mjomba.

Nirudi kwenye utabiri, maana najua kuna mtu anajiandaa kuandika "mleta mada hujui mpira".

Nina daftari. Kaunta buku la kwaya mbili, nimeanza kuandika vikosi tangu miaka ya Hasheem, wakati ambapo ukiandika jina la mtu kwa kalamu ya wino unajua utalikuta msimu ujao. Siku hizi limekuwa kama daftari la mkopo la dukani, mistari ya kufuta kila ukurasa. Florida walibeba kombe Aprili 7 kule San Antonio, 65 kwa 63 dhidi ya Houston. Nikafungua ukurasa wao: Walter Clayton kaenda, Alijah Martin kaenda, Will Richard kaenda. Nafasi zao wameletwa Boogie Fland kutoka Arkansas na Xaivian Lee kutoka Princeton. PJ Haggerty ndiye kanimaliza kabisa: TCU, Tulsa, Memphis, na sasa Kansas State. Misimu minne, vyuo vinne. Nimemwandika kurasa nne tofauti, ya kwanza hata mwandiko wangu ulikuwa bado mzuri.

Simlaumu Haggerty. Sheria inaruhusu, na makocha nao wanahama wakiitwa. Ninachouliza ni hiki: mwenye F-1 akitaka kuhama hivyohivyo, anahama na makaratasi yake yote, na kule anakokwenda hana uhakika kama kuna senti yake. Soko moja, wengine wanaingia na kapu, wengine wanaingia kuangalia bei.

Ndiyo maana mwaka huu moyo wangu uko Purdue, ingawa si timu ya kupendwa na watu wa kijiweni. Braden Smith, Fletcher Loyer na Trey Kaufman-Renn wamekaa pamoja, walikuwepo kwenye fainali ya 2024 walipopigwa na UConn 75 kwa 60, na wamerudi. Ukurasa wao sijafuta kitu. Matt Painter yuko pale tangu 2005 na chuo hakijawahi kubeba kombe la NCAA. Kama watalikosa na mwaka huu, basi wana jini.

Wadogo wa mwaka wa kwanza watatu ndio gumzo: Cameron Boozer yuko Duke (baba yake, Carlos, alibeba kombe na hao hao Duke 2001), Darryn Peterson yuko Kansas, AJ Dybantsa yuko BYU (Chuo Kikuu cha Brigham Young). Kansas na Duke watakutana Novemba 18 Madison Square Garden. Hiyo siikosi hata kwa homa.

Dybantsa ndiye nitakayemtazama kwa jicho lingine. Baba yake ana asili ya Kongo-Brazzaville, mama Mjamaika, kijana kazaliwa Massachusetts. Anakwenda BYU akiwa mmoja wa vijana wanaotajwa kuwa na hela nyingi kuliko wote waliowahi kuingia chuo. Hongera kwake. BYU hiyohiyo, kuanzia 2021, ilikuwa na Atiki Ally Atiki wa Mwanza. Jezi moja, ukumbi mmoja wa mazoezi. Yule kazaliwa kule, huyu kazaliwa huku kwenye mawe ya Ziwa Victoria.

Halafu kuna jambo la Khaman Maluach, na hapa ndipo niliposhindwa kunyamaza.

Msudani Kusini, kakulia Uganda baada ya familia kukimbia vita. Akiwa na miaka 17 alicheza Olimpiki ya Paris. Msimu uliopita alikuwa Duke. Aprili 5, Jumamosi ya nusu fainali, siku ambayo mtoto wa miaka 18 anatakiwa awaze kitu kimoja tu, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Marco Rubio, akatangaza kwamba viza zote za wenye pasipoti ya Sudan Kusini zimefutwa. Siku hiyohiyo! Jioni yake Maluach akaingia uwanjani mbele ya umati wa watu San Antonio, hajui kama bado ana haki ya kuwa katika nchi anayoichezea.

Mimi nilikesha kwa ajili yake. Kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumapili, nimekaa sebuleni gizani, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, sauti chini mama watoto asiamke. Duke wakaongoza kwa pointi 14 kipindi cha pili. Inakaribia saa kumi na mbili asubuhi, zimebaki sekunde thelathini na kitu, Duke 67, Houston 61. Picha ikaganda. Ujumbe ukaingia: mpendwa mteja, umemaliza bando lako. Mpendwa! Mtandao wenyewe siutaji, mnaujua, ndio huo unaouza bando la usiku ambalo kumbe usiku wake haufiki saa kumi na mbili.

Nikasema si neno, sita mbele, sekunde thelathini, mechi imekwisha. Nikashuka kijiweni kwa muuza kahawa nimevimba kifua, nikawatangazia wazee kwamba yule kijana aliyefutiwa viza yupo fainali. Kuna mzee hata alisema "Mungu si Athumani". Dogo mmoja kwenye benchi la pembeni akainua simu yake polepole: Houston 70, Duke 67. Houston walikuwa wamefunga pointi tisa mfululizo wakati mimi natafuta vocha. Kahawa ile nililipa nikaondoka bila kuimaliza.

Maluach alichaguliwa wa kumi kwenye drafti mwezi Juni na sasa yuko Phoenix, kwa hiyo kwake limeisha salama. Lakini wadogo zake? Mei 27 balozi za Marekani ziliambiwa zisimamishe kupanga miadi mipya ya usaili wa viza za wanafunzi, zikafunguliwa tena Juni 18 na sharti la kukaguliwa mitandao yako ya kijamii. Juni hiyohiyo Burundi nayo ikaingia kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vikwazo, na viza za wanafunzi zimo. Sasa kaa uwe kocha wa chuo kidogo huko Marekani, una nafasi moja ya ufadhili na vijana wawili mbele yako, mmoja wa Ohio na mmoja wa Bujumbura. Utamsubiri nani?

Hilo ndilo nilitegemea kulikuta kwenye makala ishirini za utabiri. Nimekuta nani kabadilisha kocha msaidizi.

NYONGEZA: Kuna mkuu kanijibu hapo chini kwamba mbona mwaka huu vyuo vimejaa vijana kutoka klabu za Ulaya na wanasemekana kulipwa vizuri, na wao pia ni wageni. Mkuu, uko sahihi na ndiyo kwanza umenichochea. Wapo, na zipo njia: chuo kikubwa kinaajiri mawakili, malipo yanaitwa mrabaha wa jina na sura, yanasemwa kwamba si kazi. Labda inashika, labda siku moja ofisa wa uhamiaji ataamua haishiki. Kijana aliyetoka klabu kubwa ya Hispania ana wakala wa kumsomea hayo makaratasi. Yule aliyetoka kwenye uwanja wa sakafu ya saruji akapata ufadhili chuo ambacho hata kwenye runinga hakionekani, wakili wake ni nani? Kocha?

NYONGEZA YA PILI: Aliyesema "wangebaki kwao wacheze BAL" (ligi ya kikapu ya Afrika), ndugu yangu, wewe mwenyewe wasifu wako unaonyesha uko Texas.

Walioniuliza saa: mechi za ufunguzi za Las Vegas, Florida na Arizona, BYU na Villanova, ni usiku wa kuamkia Jumanne Novemba 4 kwetu. Angalieni, Novemba 2 wale wanarudisha saa zao nyuma, kwa hiyo tofauti yetu na saa za New York inakuwa saa nane, si saba kama Aprili. Ikianza saa tatu usiku ya New York, hapa ni saa kumi na moja alfajiri. Kahawa ninayo. Bando safari hii nanunua la wiki nzima, na simu ya mama watoto nimeiomba iwe akiba. Amesema atafikiria.