Lami mpya mitaani Arusha: tudai matuta, au tungoje madereva wabadilike?

Wana Arusha wenzangu, naleta hoja hii kwa sababu kwenye mkutano wa mtaa wetu huku Sombetini tuliachana hatujaelewana, na mwenyekiti akatutaka tukafikirie kwanza.

Barabara yetu ilipokuwa ya vumbi hakuna aliyekimbia, mashimo yenyewe yalimzuia. Kiangazi tulikula vumbi, masika tukakanyaga tope, lakini mtoto ukimtuma chumvi dukani huna haja ya kusimama mlangoni kumwangalia. Lami ilipofika nilishangilia kama wengine. Sasa vifodi, hizi daladala ndogo, vinavyokwepa foleni ya barabara kubwa vimeifanya njia ya panya. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi vinapita getini kwangu kama vinaiwahi Namanga, na saa hiyohiyo ndiyo watoto wa darasa la awali wanavuka, begi limezidi mgongo.

Mwezi uliopita mtoto wa jirani aligongwa na bodaboda. Kiatu chake kimoja tulikiokota ng'ambo ya mtaro. Mguu uko kwenye hogo, anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Usiku uleule vijana wakabeba mawe na kifusi wakajenga tuta lao, kimo cha goti, halina rangi wala kibao. Kesho yake likamwangusha mama aliyepakiwa kwenye pikipiki na mtungi wa gesi. Kwa hiyo wanaosema matuta yanaumiza watu hawasemi uongo. Hilo la vijana wetu liliumiza.

Jirani mmoja mwenye Noah alisema mkutanoni kwamba matuta yanamaliza shokapu na bushi, na kwamba sheria ipo, madereva waelimishwe tu. Sheria ipo kweli: ile ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka mwisho uwe kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Ila trafiki hawasimami mitaani kwetu, na hata hiyo 50 ni kubwa mno kwa mtaa. Nimepima kwa hatua: kutoka getini kwangu hadi genge la mboga ni kama mita 15. Gari la mwendo wa 50 linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, sekunde moja inapotea kabla mguu haujagusa breki, kwa hiyo yuko gengeni ndipo anaanza kufunga. Hapo anahitaji mita 14 nyingine, lami ikiwa kavu na tairi zikiwa nzima. Akiwa kwenye 30 amesimama kabla ya genge. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la 2020 kuhusu usalama barabarani duniani lilitaka 30 iwe mwisho pale magari yanapochangamana na waenda kwa miguu.

Msimamo wangu: tuta liwe sehemu ya barabara tangu siku ya kwanza, kama mtaro ulivyo. Tuta la kihandisi ni kimo kisichozidi sentimita 10, na upana karibu mita 3.7, gari linapanda na kushuka bila kugonga chini. Karibu na shule kivuko chenyewe kiinuliwe. Dar es Salaam shirika la usalama barabarani la Amend lilitengeneza matuta, vivuko na njia za miguu kwenye maeneo ya shule, kazi iliyopata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019. Kwa nini Arusha tungoje mtoto agongwe kwanza?

Wenye hoja tofauti, karibuni.

Dereva wa kifodi: Shikamoo mama. Naongea kama mhusika. Tunakimbia kwa sababu ya hesabu. Jioni bosi anataka hela yake kamili, na foleni haimhusu. Semina utanipa, nitasikiliza, kesho hesabu ni ileile. Tuta sina ugomvi nalo. Ninalolichukia ni lile lisilo na rangi, usiku unalijua likishakuvunja springi. Halafu msiweke moja tu. Tukilivuka moja tunakanyaga mafuta kufidia. Yafuatane.

Mkazi wa Moshono: Mimi napinga. Mke wangu alishikwa na uchungu usiku, nikampakia kwenye bajaji. Kila tuta alikuwa anashika chuma na kulia. Na gari la zimamoto je? Mkijaza matuta kila nyumba kumi mtakuja kulia siku nyumba inaungua.

Mleta mada: Marhaba mwanangu dereva. Hilo la hesabu hakuna aliyelisema mkutanoni, na nadhani ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika. Kaka wa Moshono, pole sana kwa usiku ule. Nakubali, si kila nyumba kumi. Yakae wanapovuka watoto, na njia ya kwenda zahanati tuiache na kivuko kipana chenye mteremko mrefu. Lakini hilo haliwezi kuamuliwa na mtu mmoja aliyekaa getini kwake. Barabara ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barua itapitia kwa mtendaji, na barua isiyo na sehemu zilizotajwa itarudi. Jumamosi saa nne tunatembea barabara nzima na chaki, kuanzia kwenye genge. Mzazi anayejua mwanawe anavukia wapi, aje aweke alama.