Naunda gemu la kunusurika porini: chakula kioze vipi?

PanyaWaStoo
Wakuu, salama? Naunda gemu hili peke yangu, usiku baada ya kazi. Kila chakula nimekipa saa yake: nyama siku mbili, mkate siku nne. Muda ukiisha kimeoza, ukikila unapungukiwa afya. Waliolijaribu wamegawanyika. Mmoja anadai halina uhalisia hata kidogo, mwingine anasema anashinda akipanga kabati badala ya kuwinda. Nimsikilize nani?

Ukungu77
Wote wawili. Gemu la Don't Starve lina saa kama yako tangu 2013, ila mule kuoza kunakupa shughuli: unakausha nyama, unajenga sanduku la barafu, na kilichooza kabisa unakitia shambani kama mbolea. Yako inaadhibu tu. Uhalisia wala si sababu, maana mule ukiweka nyama mpya juu ya ya zamani, ubora unapigwa wastani. Yaani nyama mbovu inapona kwa kukaa na nzuri 😂

SiMpishi
Mimi nilisoma mambo ya vijidudu, kwa hiyo nivumilie. Tatizo si saa. Umechukulia kuoza na kudhuru kuwa kitu kimoja. Bakteria wanaotoa harufu mara nyingi sio wanaokulaza kitandani. Salmonella anaweza kujaa kwenye nyama isiyonuka chochote. Wali ndio balaa zaidi. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake zinavumilia kuchemshwa. Wali ukikaa nje wanazaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Na Kiswahili kimeshakusaidia: wali unachacha, mkate unaota ukungu, nyama inavunda. Wewe umeviweka vyote kwenye mstari mmoja wa kijani.

PanyaWaStoo
Kwa hiyo nimuue mchezaji kwa nyama isiyonuka? Atalifuta gemu siku hiyohiyo.

SiMpishi
Usimuue, mpe dalili. Alijua nyama imelala juani. Weka joto badala ya siku: kati ya nyuzi 5 na 60 hivi ndipo bakteria wanapostawi, na mazingira yakiwaridhisha wengine wanaongezeka maradufu kila dakika 20.

Ukungu77
Hapo naungana naye. Gemu la RimWorld linafanya hivyo: chini ya nyuzi 0 chakula hakiozi, kati ya 0 na 10 kinaoza polepole. Hesabu huishughulikii. Unajenga chumba cha baridi, na umeme ukikatika unakimbia kama mwenye nyumba inayoungua.

mzee_wa_kitufe
Minecraft mkate unakaa sandukuni milele na watu wanacheza. Ondoa yote, ongeza dubu.

PanyaWaStoo
Dubu wapo, mzee. Saa nazifuta leo, naweka joto na unyevu. Swali la mwisho: asali niiache isioze kabisa?

SiMpishi
Iache, maji yake ni machache mno kwa bakteria kuzaliana. Ila mchezaji akiichanganya na maji, anza kuhesabu. Itachacha, na huenda akaipenda zaidi hivyo.