Re: Nimeanza kupokea mafao ya Social Security, bado nafanya kazi

Wapendwa, habari za huko. Nina miaka 63. Nimeanza kupokea mafao ya kustaafu ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya serikali ya Marekani, dola 1,250 kwa mwezi, na kazi ya kuhudumia wazee sijaiacha. Juzi nimepata barua kwamba malipo ya miezi kadhaa yatazuiwa kwa sababu ya mshahara wangu. Nimekosa nini jamani? Mwenye kujua anisaidie.
Mama wa Columbus

---

Shikamoo mama. Hujakosa chochote, na pesa hiyo haijapotea.

Anayechukua mafao kabla ya umri kamili wa kustaafu (kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea ni miaka 67) huwekewa kikomo cha kipato. Kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 23,400. Ukivuka, katika kila dola 2 za ziada wanazuia 1. Tuseme mwaka huo ulipata 33,400: ulizidisha 10,000, wangezuia 5,000. Nao hawakati kidogo kidogo, wanashikilia malipo ya mwezi mzima mzima. Kwa hiyo wewe ungekaa miezi 4 bila senti yao, na pango linakungoja palepale. Ukiongeza ovataimu, wapigie simu uwape makadirio mapya, wasije wakakulipa kupita kiasi halafu wakakudai.

Kinachohesabiwa ni mshahara, au faida ya biashara unayoiendesha mwenyewe. Riba ya benki haimo.

Ukifika 67 kikomo kinaondoka kabisa. Hapo wanapiga hesabu upya: ile miezi waliyozuia inapunguza makato uliyowekewa kwa kuanza mapema, na malipo yako ya mwezi yanapanda.

Halafu kuna hili, ambalo naomba kila mmoja wetu alisome mara mbili. Mafao yanakokotolewa kwa miaka 35 ya kipato cha juu. Sisi tuliofika hapa watu wazima tuna sifuri nyingi humo, maana miaka ya kazi Tanzania au Kenya haihesabiwi. Nchi zetu hazina mkataba na Marekani wa kuunganisha miaka ya kazi. Kila mwaka unaofanya kazi sasa unafuta sifuri moja. Usiache kazi kwa kuogopa barua.

Ulianza kupokea mwezi gani, mama? Kama haijatimia miezi 12 tangu ukubaliwe, unaruhusiwa kuondoa ombi lako la mafao, mara moja tu maishani, ukirudisha pesa zote ulizopokea.
Kijana wako, Houston

---

Marahaba mwanangu. Huu ni mwezi wa tisa tangu nianze kupokea. Jumatatu sina zamu, nitawapigia.