Mgombea urais wa Zanzibar: tumpime kwa sura yake au kwa ahadi zake?

Mchambuakarafuu (Pemba):

Assalaam alaykum wana barza.

Jina la mgombea silitaji na chama sikitaji, maana nikitaja tu uzi huu utageuka matusi. Aliyekuwepo kwenye mkutano wake wa kampeni Tibirinzi juzi anamjua.

Nilikwenda bila kofia wala fulana ya mtu, nilitaka kumsikia mwenyewe. Ana mvuto, tusidanganyane. Kanzu nyeupe, kofia ya viua, na hakukimbilia jukwaani. Alianza kwa wazee waliokaa jamvini, akawapa mkono mmoja mmoja, akawauliza hali na mvua. Kiswahili chake cha mjini siku ile kilikuwa cha kwetu kabisa. Mama alikaa upande wa wanawake, na tuliporudi nyumbani alisema, "Huyu hana kibri." Kwake yeye kura imeshapigwa.

Ahadi nilizinukuu kwenye simu: bei ya karafuu kupanda maradufu, meli mpya ya Serikali kwa ajili ya Pemba ndani ya siku mia moja, kazi kwa kila kijana mwenye cheti, na polisi "watakaokuwa chini yetu Wazanzibari". Hii ya polisi ndiyo iliyopigiwa makofi mpaka spika zikamezwa.

Mie nina mikarafuu ya urithi Mtambile, si mwanasheria wala mchumi. Mtu kama mie anajuaje ahadi ipi inashikika na ipi ni upepo? Na ule mkono waliopewa wazee, tuuhesabu au tuuache?

Karani Mstaafu (Unguja):

Waalaykum salaam. Kazi yangu ilikuwa bajeti katika wizara moja, kwa hiyo mie naanza na kalenda, sura baadaye.

Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Uchaguzi ni Oktoba. Rais mpya anapoapishwa Novemba anakuta Baraza la Wawakilishi limeshapitisha bajeti na mafungu yameshagawiwa. Siku mia zake zinamalizikia Februari, yaani bado anakula bajeti aliyoikuta. Akisema meli ndani ya siku mia, usimuulize kama anaipenda Pemba. Muulize fedha anazitoa fungu gani, na nani atapunguziwa. Na kumbukeni MV Spice Islander ilizama Septemba 2011, nchi nzima ikalia, hakuna aliyepinga kwamba Serikali inunue meli ya maana. Meli hiyo, MV Mapinduzi II, ilifika Desemba 2015. Miaka minne, na hapo kila mtu alikuwa anaitaka.

Polisi ni hadithi nyengine. Mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwaka 1964, leo orodha iliyo kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina mambo 22, na polisi imo, pamoja na ulinzi, uraia, sarafu na kodi ya mapato. Rais wa Zanzibar hana amri ya kulihamisha Jeshi la Polisi. Anaweza kudai, kujadiliana, kusukuma Katiba ibadilishwe, na hayo yote ni halali kuyaahidi, ila aseme "nitadai", asiseme "watakuwa". Mzanzibari siku ya kura anapewa karatasi tano, za huku na za Muungano, na wagombea wanaujua vizuri mchanganyiko huo.

Karafuu, kinyume chake, iko mikononi mwake kweli. ZSTC ni shirika la Serikali na ndilo linalonunua peke yake kisheria, kwa hiyo bei inatangazwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Wakati wa urais wa Dk. Shein daraja la kwanza lilifika shilingi 14,000 kwa kilo, na wewe wa Mtambile unajua magendo ya kwenda Kenya yalivyopungua. Lakini ZSTC nayo inauza nje. Indonesia wakivuna sana, bei ya dunia inashuka. Maradufu ya bei gani, basi, ya leo au ya soko? Soko likianguka, tofauti inalipwa na hazina? Ahadi ninayoiheshimu mie ni kama ile ya pensheni jamii: ilipoanza Aprili 2016 ilikuwa umri miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi. Wengine walisema ni kidogo, na kilikuwa kidogo kweli, lakini mzee alijua aende wapi, lini, akadai nini.

Ya ajira siisemei. "Kila kijana" haina hata kazi ya kuichambua.

BintiMwani (Micheweni):

Karani, hesabu zako nazikubali, ila sura usiitupe haraka hivyo. Novemba 5, 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, walikutana Ikulu. Kutoka hapo tukapata kura ya maoni ya Julai 31, 2010, asilimia 66 wakasema ndiyo, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikaundwa. Lile halikutoka kwenye fungu la bajeti. Lilitoka kwa watu wawili waliokubali kukaa chumba kimoja baada ya miaka ya kununiana, na sisi Pemba tulioshuhudia Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi, tunajua thamani yake. Tabia ya mtu ni sera pia.

Ila tabia siitazami kwenye jamvi la wazee. Nani atakosa adabu kwa wazee mbele ya kamera? Mie nasikiliza anavyowataja wapinzani wake. Siku ile aliwaita nini? Nilikuwepo, na neno lile silirudii hapa. Tena kaka, mama yako amesema hana kibri, lakini upande wetu wa wanawake alipunga mkono tu akapita. Karafuu aliitaja mpaka tukachoka. Mwani hakuutaja, na pwani yote hii wanaoulima zaidi ni wanawake.

Kijana wa Konde:

Yakhe mnajisumbua. Komandoo Salmin, Maalim Seif, Dokta Shein: kila mmoja tulimjua kwa jina lake la heshima kabla hatujafungua ilani yake, na wengi hatujaifungua mpaka leo. Mie cheti ninacho, kazi sina. Akija Konde nitakwenda kwa ajili ya taarabu.

Karani Mstaafu:

Kijana, ilani ifungue. Sehemu ya ajira huwa fupi, isome tu utazame kama kuna neno "serikalini" au "sekta binafsi". Hapo utajua kama anakuahidi mshahara au anakuombea dua. BintiMwani, la 2009 nimelikubali bila ubishi.

Mchambuakarafuu:

Ahsanteni. Neno lile la wapinzani nililisikia, na nilicheka pamoja na wengine. Dada umenifanya nilisikilize upya.

Mama nimemsomea yote. Amesema Karani anaonekana mtu aliyesoma, lakini mgombea bado hana kibri. Nikamwambia na la kupunga mkono. Akanyamaza, kisha akasema, "Hilo kweli."

Ijumaa baada ya sala watu wake wana mkutano mdogo kwenye shehia yetu, kwenye darasa la skuli. Nitauliza moja tu: maradufu ya bei ipi, na soko likishuka nani analipa.

Kijana wa Konde:

Na wakikunyima maiki?

Mchambuakarafuu:

Darasa lenyewe dogo, yakhe. Maiki ya nini?

BintiMwani:

Ukimaliza karafuu, waulize na mwani.