Tupeane uzoefu: homa ya ini ilikula kiasi gani kwenu, na kujikinga kuligharimu nini?

Dalali wa Makambako (mleta mada)
Kamwene wakuu. Miaka mitatu nyuma shemeji alipokuwa anajifungua ilihitajika damu, nikajitolea. Baadaye nikapigiwa simu nifuate majibu. Njia nzima nilijua ni ngoma. Kufika, naambiwa nina virusi vya homa ya ini B na damu yangu haikutumika. Nikashukuru Mungu, nikarudi kwenye mahindi yangu. Ujinga ulianzia hapo. Siumwi popote, magunia nanyanyua, nikapime ini la nini?

Mwaka uliofuata kaka yangu mkubwa akaanza kujaa maji tumboni. Ukoo ukasema karogwa kwa ajili ya shamba la baba. Miezi ikaishia kwa waganga. Tulipomfikisha hospitali kubwa, ini lilishakuwa gumu. Tulikuwa na ekari tatu za paina, mwaka wa saba, nyembamba kama miti ya kujengea banda la kuku. Tukauza zote. Aliyepanda miti huku kwetu anajua maana ya kuuza paina ya mwaka wa saba: mnunuzi anaikagua huku anacheka. Na kaka tukamzika.

Baada ya matanga tukapimwa wote. Mama anavyo, na kati yetu sita tuliobaki, wanne tunavyo. Wadogo wawili walikuwa salama, wakachanjwa. Kipimo na dozi zote tatu, kwa kila mmoja, ilikuwa kama bei ya mfuko mmoja wa mbolea. Napiga hesabu ya ekari tatu dhidi ya mifuko saba nakosa usingizi.

Ninyi mlitumia nini? Na mliwezaje kumshawishi mtu mzima atoe hela wakati haumwi?

Nesi Rungwe
Pole sana kaka. Kwa mama mwenye virusi, mtoto huvipata wakati wa kuzaliwa au akiwa mdogo. Akivipata uchangani, uwezekano wa kubaki navyo maisha ni karibu asilimia 90. Mtu mzima akivipata, mara nyingi mwili unavifukuza wenyewe. Ndiyo maana WHO inashauri mtoto achanjwe ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, kisha aendelee na nyingine. Zile za kliniki za wiki ya 6, 10 na 14 zina kinga ya homa ya ini ndani yake, ila zilianza huku kwetu mwaka 2002. Sisi wakubwa hatukuzikuta.

Na wewe uliye na virusi usikae tu. Pima uwezo wa ini na wingi wa virusi, urudie kila daktari anapokupangia. Si kila mtu anaanzishiwa dawa.

Tingo Tunduma
Mimi nilikuwa najiona nimemaliza, nina kadi ya njano ya mpakani. Jamaa mmoja ndiyo akanifungua macho kuwa ile ni ya homa ya MANJANO, ya mbu, haihusiani kabisa. Miaka minne natembea na kadi najiita mwenye kinga 😂 Nimepima, sina. Dozi ya kwanza tayari.

Mwekahazina Mwanjelwa
Sisi kwenye kikoba chetu tulichota mfuko wa jamii tukapime wote. Ugomvi wake! Mwenzetu mmoja akasema mfuko ni wa msiba na wagonjwa, hauwezi kulipia watu wazima wanaokula ugali vizuri. Tukapiga kura, tukaenda. Wawili walikutwa navyo.

Yaliyofuata yalinisikitisha kuliko kura. Siku ya kikao, kikombe cha mmoja wao kiliwekwa pembeni, kikafunikwa na sahani, kama cha mtu wa kipindupindu. Ilibidi tumwite mhudumu wa afya aje kusema mbele yetu kuwa havipiti kwenye chakula, kikombe wala kukumbatiana. Vinapita kwenye damu, ngono na kwa mama kwenda kwa mtoto. Wembe ndiyo wa kuogopa, maana virusi hivyo hukaa nje ya mwili hata siku saba. Siku hiyo hiyo wanaume zetu wakaanza kumbana kinyozi abadilishe wembe.

Hasara yetu nyingine: wengi walikomea dozi ya pili. Ya tatu ni miezi sita baada ya ya kwanza, na ilipofika mtu yuko shambani anavuna.

Mbozi Halisi
Hizi chanjo ni biashara za watu tu. Babu zetu walipima wapi?

Dalali wa Makambako
Mkuu, babu yangu alikufa tumbo limevimba, tukaambiwa ni jini. Nisingependa kumuita shahidi.

Mwalimu Iringa Mjini
Nina virusi na niko kwenye tenofovir. Ni miongoni mwa dawa wanazotumia wenye VVU pia, kwa hiyo aliyeona kopo langu ofisini alishamaliza kesi yangu. Nikachoka kujieleza. Sasa naliacha mezani.

Nesi Rungwe
Nirudi kwa mleta mada. Wewe unanunua mahindi. Mtu mwenye homa ya ini B akila sumukuvu, ile ya ukungu kwenye mahindi na karanga, hatari ya saratani ya ini inapanda kuliko kwa kila kimoja peke yake. Turubai la kuanikia nalo ni kinga.

Dalali wa Makambako
Hapo umenigusa dada. Niseme ukweli: yaliyoshika ukungu hatuyatupi. Yanaenda kwa wapika pombe ya komoni, na mengine tunasaga nyumbani.

Nesi Rungwe
Ndiyo hayo sasa. Na kuhusu hela ya asiyeumwa: mwaka 2016 nchi zilikubaliana kuwa kufikia 2030 maambukizi mapya yapungue kwa asilimia 90 na vifo kwa 65. Misri ilielemewa na aina ya C, ambayo haina chanjo ila inatibika kwa vidonge, mara nyingi wiki 12. Wakapima mamilioni ya watu wasiojisikia vibaya popote, wakawatibu, na mwaka 2023 WHO ikawatambua kuwa wamekaribia kuitokomeza. Wangesubiri watu wavimbe matumbo wasingefika.

Mwekahazina Mwanjelwa
Nitalipeleka kikaoni, mwenye kura yake alisikie.

Tingo Tunduma
Nesi, swali. Dozi ya pili ilinipita mwezi mzima, nilikwama Lusaka na gari. Naanza upya?

Nesi Rungwe
Huanzi upya, unaendelea ulipoishia. Nenda tu.

Tingo Tunduma
Ndaga dada. Kesho asubuhi kabla hatujapakia.