Chemchemi za Kilimanjaro: maji yake ni ya barafu ya Kibo au ni ya msitu?

Katibu_wa_Maji (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji katika kijiji kimoja cha Kilimanjaro, upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Tunategemea chemchemi moja inayobubujika chini ya ukingo wa mwamba mweusi. Sehemu ya maji yake huingia kwenye bomba la kijiji, na yanayobaki hushuka kwa mfongo wa zamani (mfereji wa asili wa kumwagilia) hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani. Wazee wetu wameshikilia siku zote kwamba maji hayo ni barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iliyoyeyuka. Kwa kuwa kila mwenye macho anaona barafu inavyopungua, katika mkutano uliopita baadhi ya wanachama walitaka tusitumie fedha kukarabati chanzo, kwa hoja kwamba barafu ikiisha na chemchemi itakauka.

Kwa mwaka mzima nimekuwa nikipima kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Mwezi Februari ndoo ilijaa kwa sekunde 11, Mei kwa sekunde 9, na Julai kwa sekunde 7, kisha mtiririko ukaanza kupungua tena. Je, ni sahihi kusema kwamba maji ya masika husafiri chini ya ardhi kwa miezi miwili au mitatu hadi yanatufikia? Na je, tukimwaga rangi kwenye kijito cha juu msituni na kuisubiri chini, tutapata jibu?

Mpima_Visima

Ndugu Katibu, vipimo vyako vina thamani kubwa kuliko unavyodhani, kwa hiyo usiache kuvichukua.

Tuanze na hesabu nyepesi. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilometa za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilometa za mraba 2. Hata tukikadiria kwa ukarimu kwamba barafu hiyo hupoteza unene unaolingana na mita moja ya maji kila mwaka, tunapata mita za ujazo milioni 2, na si zote zinazoteremka kama maji, kwa sababu kule juu penye jua kali na hewa kavu sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja. Sasa tazama msitu: una takriban kilometa za mraba 1,000, na upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na kitu, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ukichukua mita moja na nusu tu kwa msitu wote, ni mita za ujazo milioni 1,500. Hata miti ikinywa zaidi ya nusu yake, barafu haiwezi kushindana. Uchunguzi wa isotopu (aina za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito) uliokwisha kufanywa mlimani ulielekea huko huko: maji ya chemchemi za chini kwa sehemu kubwa ni mvua ya ukanda wa msitu.

Isotopu zinafanyaje kazi? Katika maji yote kuna chembe chache za oksijeni nzito, ile yenye uzito wa 18, na haidrojeni nzito. Wingu linapopanda mlima, maji mazito hutangulia kudondoka, hivyo mvua inavyonyesha juu zaidi ndivyo inavyokuwa nyepesi. Yakishazama ardhini, maji ya baridi huhifadhi uwiano huo wa mazito na mepesi, nao ndio alama yake. Ukikusanya mvua kwenye miinuko mitatu au minne, ukachora mstari wa alama dhidi ya mwinuko, kisha ukaiweka alama ya chemchemi yako kwenye mstari huo, unasoma mwinuko wa wastani ambako mvua yake ilinyesha. Nasema wastani kwa makusudi, kwa sababu mchanganyiko wa maji ya mita 1,600 na ya mita 2,800 utasomeka sawa na maji ya mita 2,200 peke yake.

Kuhusu miezi miwili, hapana. Mpira wa bustani uliokwisha kujaa maji, ukifungua bomba, hutoa maji upande wa pili papo hapo, lakini yanayotoka si yale yaliyoingia sasa hivi. Ndivyo ilivyo mlimani: masika huongeza uzito wa maji juu, msukumo huo unafika kwako Julai, na yanayosukumwa nje yanaweza kuwa ya mvua ya miaka mingi iliyopita. Umri wenyewe hupimwa kwa njia nyingine, kwa mfano kwa tritiamu, haidrojeni yenye mionzi ambayo iliongezeka sana hewani kwa majaribio ya mabomu hadi mwaka 1963 na ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3. Siku hizi kiasi chake katika ukanda wetu ni kidogo mno, kwa hiyo inahitaji maabara makini.

Rangi sikushauri. Hufaa pale maji yanapopita kwenye mapango au mianya mikubwa na kutokea baada ya saa au siku. Kwenu maji hupenya lava iliyopasukapasuka na tabaka za majivu. Rangi itatawanyika, na ninyi mtakesha bure. Tena mtakuwa mmemwaga kitu kwenye maji ya kunywa bila idhini ya mamlaka ya maji ya bonde.

Babu_wa_Kihamba

Mwanangu Katibu, usiwacheke wazee kwenye mkutano. Sisi tuliyaona maji yanatoka baridi ya kukata vidole, mlima mweupe juu yetu, tukaunganisha. Hata hivyo wazee hao hao walikataza kukata miti kuzunguka chemchemi, na adhabu yake ilikuwa kali. Mtu anayeamini kwamba maji yote ni ya barafu angehangaika na miti ya nini? Nakumbuka pia kwamba katika kiangazi kirefu vijito vidogo vya juu yetu vilikauka, ilhali chemchemi ya chini ya mwamba haikukatika hata siku moja.

Mpima_Visima

Babu umenikumbusha jambo nililoliruka. Ule mwamba mweusi ndio ufunguo. Mlima huu umejengwa kwa tabaka: lava, majivu, udongo mwekundu wa zamani, kisha lava tena. Sehemu ya juu na ya chini ya kila mtiririko wa lava huwa kokoto na nyufa ambazo maji hupita kwa urahisi, lakini majivu yaliyoshikamana na ule udongo wa mfinyanzi huyazuia, nayo huteleza juu yake hadi pale bonde lilipokata tabaka. Katibu, kachunguze chini ya mwamba, pale maji yanapotokea. Nadhani utakuta udongo mwekundu au majivu magumu.

Mwanafunzi_wa_Miamba

Naongeza tahadhari moja: msichore mstari ulionyooka kutoka chemchemi hadi kileleni na kusema maji yamefuata njia hiyo. Tabaka za lava zilifuata mabonde ya kale ambayo leo yamefukiwa, kwa hiyo mpaka unaogawa mikondo ya maji chini ya ardhi unaweza kutofautiana na ule unaouona juu. Mfano ni Ziwa Chala, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Kwa kulitazama kwenye ramani, ni rahisi kuamini kwamba ndilo linalolisha chemchemi za upande wa Taveta, Kenya. Katika miaka ya 1960 jambo hilo lilichunguzwa kwa tritiamu na isotopu, ikabainika kwamba mchango wa ziwa ni mdogo. Maji ya ziwa yamekaa juani, yale mepesi yakatangulia kuwa mvuke, na yaliyobaki yana alama nzito inayotambulika; chemchemi hazikuwa na alama hiyo kwa kiasi cha kutosha.

Nenda pia Mzima, chini ya vilima vya Chyulu nchini Kenya. Juu ya vilima hivyo hukuti mto, kwa sababu mvua humezwa na lava changa, kisha inaibuka mbali kwenye ukingo wa lava kwa wingi wa kuweza kupelekwa Mombasa kwa bomba.

Kipimo cha bei nafuu ni kipimajoto. Hewa hupoa kwa nyuzi 0.6 hivi kila unapopanda mita 100. Kama chemchemi ina ubaridi wa nyuzi 3 chini ya wastani wa joto la mwaka pale kijijini, inaelekea maji yaliingia ardhini mita 500 juu yenu au zaidi. Lakini maji yaliyozama sana hupashwa joto na ardhi, kwa hiyo kipimo hiki husema "si chini ya hapo".

Katibu_wa_Maji

Nawashukuru nyote, na Babu shikamoo. Leo asubuhi nimekwenda na jembe. Chini ya mwamba kuna udongo mwekundu mgumu, na maji yanatoka juu yake kabisa. Nitaomba idhini ya kuweka vyombo vya mvua kwenye miinuko mitatu. Je, maji yakikaa mwezi mzima kwenye chombo hayatabadilika alama kama yale ya ziwani?

Mpima_Visima

Yatabadilika, na umeuliza vizuri. Weka ndani ya chombo mafuta ya parafini kwa unene wa nusu sentimeta, yaelee juu na kuzuia mvuke. Ni yale meupe yasiyo na harufu yanayouzwa duka la dawa, si mafuta ya taa. Mwisho wa mwezi chota maji kutoka chini ya mafuta, jaza chupa ndogo ya kioo hadi pomoni pasibaki hata povu la hewa, funga sana, andika tarehe na mwinuko. Ya chemchemi yajaze siku hiyo hiyo.